Ubinafsi wa Vijana na Walezi Wake: Mtazamo wa Kihistoria

Katika usharika mmoja wa mlimani, ambao niliutumikia kabla sijaitwa kufundisha chuoni, baraza la wazee lilikaa kikao ambacho ajenda yake ya mwisho ilihusu vijana. Usharika ulikuwa ukijenga ukumbi. Jumamosi tatu mfululizo uliitishwa msaragambo wa kubeba mawe kutoka mtoni, na Jumamosi hizo zote waliofika walikuwa akina mama na wazee. Vijana wachache waliojitokeza waliuliza kwanza kama kuna posho. Walipoambiwa hakuna, wakaondoka. Mzee mmoja, mcha Mungu na mchapakazi, alisema kwa uchungu kwamba kizazi hiki kimezaliwa kikiwa na tumbo tu, bila mikono. Baraza likaazimia kuwa kijana yeyote wa kwaya ambaye hakubeba jiwe asiimbe mpaka atubu. Mimi nilikuwa mwenyekiti, nikatia sahihi.

Wiki chache baadaye, nikipitia hesabu za ujenzi, niliona kwamba kila mjumbe wa kamati, nami nikiwamo, alikuwa amelipwa posho ya kikao kila tulipokutana, hata siku tulizokutana kwa nusu saa. Wakati ule sikulisema jambo hilo barazani.

Makala hii imetokana na fadhaa hiyo. Malalamiko kwamba vijana wanajipenda wenyewe tu yamesikika nchini mwetu kwa zaidi ya miaka mia moja, na Kanisa letu limekuwa miongoni mwa walalamikaji. Nimechagua vipindi viwili ambavyo habari zake zinajulikana vema: huduma ya Bruno Gutmann huko Kilimanjaro, na maandamano ya wanafunzi ya Oktoba 1966 jijini Dar es Salaam. Swali langu si kama vijana walikuwa wabinafsi. Mara nyingi walikuwa. Swali ni nani aliyewalea hata wakawa hivyo, na je, aliyewalaumu alikuwa tayari kuhesabiwa pamoja nao?

Gutmann na vifungo vitatu

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden mwaka 1876, akafika Afrika ya Mashariki mwaka 1902 akitumwa na Misioni ya Leipzig. Alihudumu Machame na Masama, na tangu 1910 akawa Old Moshi. Ukiacha miaka ambayo Wajerumani waliondolewa nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alidumu huko mpaka 1938. Aliandika sana juu ya Wachagga: sheria zao, mashairi yao, na hasa mafundisho waliyopewa vijana wakati wa jando, ambayo aliyachapisha katika majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Ni wamisionari wachache wa wakati wake waliokaa chini na kusikiliza kwa subira ya namna hiyo.

Fundisho lake kuu ni kwamba Mungu hamuumbi mtu akiwa peke yake. Kila mtu huzaliwa akiwa amefungwa kwa vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Injili inapokuja haimkuti mtu aliye huru, imara, anayesimama kama nguzo uwanjani. Inamkuta mwana wa fulani, jirani wa fulani, mwenzi wa rika la fulani. Basi Kanisa lisivikate vifungo hivyo, bali lijenge usharika juu yake. Kwa sababu hiyo aliwapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya kuchukuliana mizigo, akiiga udugu wa ngao uliokuwako zamani kati ya vijana waliosimama bega kwa bega vitani.

Tukiangalia maisha ya mlimani ya siku zile tunaona alichokipenda. Mfongo ulioleta maji kutoka msituni hadi vihambani haukuweza kutunzwa na mtu mmoja. Siku ya kuuzibua kila nyumba ilitoa mtu, na asiyefika alitozwa faini. Kijana alijifunza kuwajali wenzake kabla hajajua kuwa kuna neno lenye maana hiyo. Hakuhubiriwa. Maji yenyewe yalimfundisha, kwa kuwa yaliyofika kwa jirani yake wa chini yalikuwa yamepita kwanza mikononi mwake.

Kisha vikaja vitu vitatu karibu kwa pamoja. Ilikuja kodi ya nyumba, ambayo serikali ya Wajerumani ilianza kuitoza mwishoni mwa karne ya 19, ikawalazimu vijana kutafuta fedha mashambani mwa walowezi. Ikaja kahawa. Ikaja shule, nayo shule ilikuwa yetu. Gutmann aliogopa fedha na elimu ya kizungu kwa sababu moja: vyote viwili humhesabu mtu mmoja mmoja. Kijana mwenye fedha zake aweza kuoa bila kungoja ng'ombe wa baba na wajomba. Na shuleni mambo hugeuka zaidi. Kwenye mfongo kumsaidia jirani ni wajibu. Kwenye mtihani kumsaidia jirani ni kosa linaloadhibiwa kwa fimbo. Mtoto aliyekaa miaka minane chini ya kanuni hii ya pili ametoka na somo ambalo halikuandikwa ubaoni.

Mpaka hapo namfuata Gutmann kwa moyo mkunjufu. Lakini kuna mahali ninapoachana naye. Wachagga wenyewe hawakuiona kahawa kama adui. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, chini ya Joseph Merinyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikafuatwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake lingali linatajwa kwa heshima mpaka leo. Fedha ile ile iliyoogopwa ilizaa kifungo kipya, na kwa fedha ya kahawa watu walijenga shule na kulipa karo za watoto wasio wao. (Kiswahili kimeweka ushirika na usharika katika nyumba moja. Sijui ni wangapi kati yetu tumewahi kulihubiri hilo.)

Tena, vifungo vya zamani havikuwa vya haki kwa wote. Kwa desturi ya Wachagga kihamba hurithiwa hasa na mwana wa kwanza na wa mwisho. Mwana wa katikati alitazamiwa kutafuta ardhi mpya, na ardhi ilipokwisha alitafuta mji. Wazee walimwita mtoto huyo mtoro wa ukoo, anayejitafutia mambo yake. Lakini ukoo ulikuwa umempa nini cha kukaa nacho? Ukoo nao waweza kuwa mbinafsi. Hujipenda kwa midomo mingi tu badala ya mmoja. Mimi ni mwana wa katikati, na msomaji anayo haki ya kulikumbuka hilo anapoyapima maneno haya.

Oktoba 1966

Kipindi cha pili ni kifupi, nacho kilitokea mbali na mlimani, ingawa miongoni mwa waliohusika walikuwamo bila shaka watoto waliolelewa katika sharika na shule za misioni. Kwa sadfa, Gutmann aliaga dunia huko Ujerumani Desemba 1966, miezi miwili hivi baada ya tukio lenyewe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki, kwa darasa dogo la sheria katika jengo la TANU. Mwaka 1964 kikahamia mlimani Ubungo, katika majengo ambayo kwa nchi maskini yalikuwa ya fahari. Waliosoma huko walikuwa wachache sana, na kila mmoja alijua kwamba cheo na nyumba ya serikali vinamngoja. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa mwaka 1963 kwa kujitolea, na waliojitolea walikuwa hasa vijana wasio na elimu kubwa. Wasomi hawakwenda. Kwa hiyo mwaka 1966 serikali ilipendekeza utumishi wa lazima wa miaka miwili kwa wahitimu: sehemu ndogo kambini, na sehemu kubwa katika kazi zao za kawaida wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi, wengi wao kutoka Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Mabango yao yalipinga masharti hayo, na mojawapo lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Rais Nyerere aliwapokea pamoja na mawaziri wake. Msemaji wao akasoma tamko lililozungumza juu ya mapambano kati ya wanasiasa na wasomi, likionyesha kidole pia kwenye mishahara mikubwa ya viongozi wenyewe.

Mambo yaliyofuata husimuliwa mara nyingi kwa nusu. Nusu inayopendwa na wazee ni kwamba Rais aliwakasirikia, akawafukuza karibu 400, na polisi wakawasindikiza kuchukua mizigo yao na kurudi makwao. Hiyo ni kweli. Na wale vijana walikuwa wameomba lawama. Taifa la wakulima waliokula mara moja kwa siku lilikuwa limewasomesha bure, nao walipoombwa miezi kadhaa ya kuvaa sare na kushika jembe waliona wameonewa. Siwatetei.

Lakini nusu ya pili ndiyo yenye uzito kwa makala hii. Nyerere hakulikana neno la wanafunzi juu ya mishahara. Alikubali pale pale kwamba ni kubwa mno, wa kwake ukiwamo, na kwamba mishahara hiyo ndiyo iliyojenga moyo wa namna hii katika wasomi wote, yeye na wao. Akatangaza kuukata mshahara wake kwa asilimia 20, na ya viongozi wa juu ikapunguzwa vilevile. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatolewa Azimio la Arusha pamoja na masharti yake kwa viongozi. Machi 1967 ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Kijitabu hicho kinaeleza kwamba elimu tuliyorithi ilikuza hulka ya kila mtu kujitafutia. Kabla ya hapo Nyerere alikuwa amekwisha kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo akishiba asirudi, amesaliti. Wengi wa waliofukuzwa walirejeshwa masomoni mwaka huo wa 1967.

Natazama mfuatano huo kama mchungaji. Kosa la vijana halikufumbiwa macho, adhabu ilitolewa, na tena ilikuwa kali. Lakini mtoa adhabu alijihesabu miongoni mwa wakosaji kabla hawajaondoka uwanjani kwake, akalipa. Mtu aweza kuzipinga siasa zake zote (na ziko ambazo historia imezipinga) lakini akakiri kwamba saa ile alielewa malezi kuliko mabaraza mengi ya Kanisa.

Dawa zilizofuata hazikufika mbali kama zilivyotarajiwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, halikudumu. Utumishi wa lazima wa JKT ulisitishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Nimewapokea chuoni vijana waliopitia kambi hizo. Wengine zimewafaa. Wengine wametoka na nidhamu ya kuamka alfajiri, wakaitumia nidhamu hiyo hiyo kujitafutia mambo yao mapema zaidi.

Moyo uliojikunja

Hapa ndipo tunapomhitaji Luther. Katika mihadhara yake juu ya Waraka kwa Warumi, mwaka 1515 na 1516, akifuata njia iliyofunguliwa na Agostino, alimweleza mwenye dhambi kuwa ni mtu aliyejikunja juu ya nafsi yake. Ubaya wa kujikunja huko ni kwamba mtu huvikunja pamoja naye hata vitu vyema, na Mungu mwenyewe humtafuta kwa faida yake. Kwa Luther huu si ugonjwa wa umri fulani. Mzee anayehudhuria msaragambo ili aonekane, na kijana anayeukwepa ili apumzike, wote wamejikunja. Tofauti yao ni upande walioelekea.

Kutokana na hili naona mipaka ya Gutmann na ya Nyerere pia. Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, waliamini kwamba Mwafrika wa zamani alikuwa mtu wa wenzake, na kwamba ubinafsi uliingia kwa mlango wa shule na fedha. Mfongo, rika na kambi ni vyema kama Sheria ilivyo njema. Huzuia, hufundisha mikono, hulinda wanyonge wasimezwe. Haviwezi kuukunjua moyo. Gutmann alikuwa na hatari ya kuvitukuza vifungo vya uumbaji kana kwamba Anguko halikuvigusa, na wapo waliomlaumu kwamba katika hilo alisikika zaidi kama Mjerumani wa kizazi chake kuliko kama mwanafunzi wa Paulo.

Lakini mafundisho ya dhambi ya asili yasitumike kuwaosha walezi mikono. Luther huyo huyo, katika hotuba yake ya mwaka 1530 juu ya kuwapeleka watoto shule, hakuwakemea watoto. Aliwakemea wazazi wanaomsomesha mtoto kwa ajili ya tumbo, wasiojali kama nchi na Kanisa vitapata watumishi. Na tazama hukumu iliyotamkwa juu ya nyumba ya Eli katika sura ya pili ya 1 Samweli. Hofni na Finehasi ndio waliomtuma mtumishi achovye uma chunguni na kuchukua nyama ya watu kwa nguvu. Walikuwa wabinafsi wasio na haya, tena wakiwa wamevaa naivera. Baba yao aliwaonya. Hata hivyo mtu wa Mungu alipokuja alizungumza na baba, na neno lake juu ya kunenepa kwa sadaka linamjumlisha Eli. Wahubiri wengi huishia kwenye onyo alilotoa Eli, wakasema tatizo ni kwamba onyo lilikuwa laini. Lakini nyama ile ilipikwa katika nyumba ya nani, na nani aliyekuwa akiila kwa miaka yote hiyo? Sura ya nne, inaposimulia kifo chake, inataja kwamba alikuwa mtu mzito.

Tukirudi kwa vijana wetu, mara nyingi nasikia lawama zikitupwa kwenye simu na picha wanazojipiga. Sizidharau lawama hizo. Simu humwonyesha kijana uso wake mara mia kwa siku, na hilo halimsaidii aliyekwisha kujikunja. Lakini kabla ya simu kulikuwa na maneno. Mimi ni wa kizazi kilichokua miaka ya 1990. Katika miaka ya Azimio, kumwita mtu mbinafsi kulikuwa tusi la kisiasa. Baada ya mwaka 1991, Zanzibar ilipotoa jina lake kwa maamuzi yaliyolegeza masharti ya viongozi, neno hilo lilianza kubadili mavazi. Mashirika ya umma yakabinafsishwa. Ikaja sekta binafsi, ikaja shule ya binafsi, na mzazi mwenye uwezo alijivuna kuitaja. Sisemi kwamba sera hizo zote zilikuwa mbaya. Uchumi ulikuwa umeanguka na jambo ilibidi lifanyike. Nasema tu kwamba mtoto husikia lugha kabla hajaelewa sera, nasi tulisikia shina moja likitukanwa na babu na kusifiwa na redio.

Nyumbani kwetu lilikuwako neno jingine. Baba yangu, mkulima wa kahawa na mzee wa usharika, aliniambia kila muhula unapoanza: soma, usije ukalima kama mimi. Alisema kwa upendo. Miguu yake ilikuwa imepasuka, na bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka. Lakini nilichokisikia ni kwamba kazi yake, mfongo wake, na majirani waliochanga mbuzi na mikungu ya ndizi hata nikalipiwa karo vilikuwa mahali pa kutoroka. Nilipopata mshahara wa kwanza sikumkumbuka hata mmoja wa waliochanga. Nilinunua viatu. Kama kuna aliyeniita mbinafsi siku zile, hakukosea. Ila nilikuwa nimesoma vizuri somo nililopewa.

Katika madarasa ya kipaimara nimezoea kuwauliza watoto wanasoma ili iwe nini. Hujibu kwa haraka: nyumba, gari, kuwasaidia wazazi. Nikiwauliza ni nani aliyewaambia hivyo, hunyamaza kidogo, kisha mmoja huinua mkono na kusema, ni mchungaji, siku ya mahafali.

Nirudi kwenye ukumbi ule. Ilinichukua miezi minne kupata ujasiri. Katika kikao cha baraza nilisoma orodha ya posho za kamati, jina baada ya jina, nikianza na langu, nikarudisha nilichopokea mbele ya mhazini. Nikaomba azimio juu ya kwaya lifutwe. Mjadala ulikuwa mrefu na mchungu. Mzee yule niliyemtaja mwanzoni alikuwa wa kwanza kurudisha posho yake, lakini wajumbe wawili walijiuzulu, na mmoja wao hatujasalimiana vizuri hadi leo. Jumapili iliyofuata orodha ile ile ilisomwa ibadani pamoja na matangazo. Vijana walirudi kwenye kwaya wote. Kwenye mawe, Jumamosi, walikuja saba.